Usikitupe Kidonge kwa Sababu ya Usingizi

Wengi wetu tunaoishi mijini tuna wazazi au ndugu wanaolima mpunga Madibira, wilayani Mbarali, katika yale mashamba ya hekta zipatazo 3,000 yanayonyweshwa kwa maji ya mto Ndembera. Mzee wa huko ajapo mjini kutibiwa kisukari, hutokea akataja jambo moja kwa sauti ya chini: usiku nyayo zinamwaka moto na kumchoma kama sindano, hata shuka likigusa vidole hapati usingizi.

Hayo si machovu ya jembe. Ni maumivu ya mishipa ya fahamu, na vidonge vya kawaida vya kutuliza maumivu mara nyingi havifui dafu mbele yake. Kisukari si chanzo pekee. Mkanda wa jeshi huacha maumivu ya namna hiyo, ukoma na virusi vya ukimwi pia. Hata dawa zaweza kuyaleta: isoniazidi ya kifua kikuu huambatanishwa na vitamini B6 kwa sababu hiyo, na stavudini, iliyotumiwa zamani dhidi ya ukimwi, iliunguza miguu ya wengi hata mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi ziiache.

Daktari huweza kumpa mgonjwa amitriptilini au gabapentini. Na maumivu yakiwa ni yale ya ghafla ya upande mmoja wa uso, kabamazepini. Hapo ndipo mtihani unapoanzia. Amitriptilini ilianza kutumika mwaka 1961 kwa ugonjwa wa sonona, na kabamazepini inajulikana kwa kifafa. Jirani akiisoma karatasi ya dawa hutamka, "Kumbe umepewa dawa ya wendawazimu!" Mzee akaona haya, kidonge kikaishia jalalani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Dawa hizi humtuliza mgonjwa kwa kuituliza mishipa iliyojeruhiwa, ambayo hupeleka ubongoni habari za moto usiokuwapo. Hakuna aibu ndani yake.

Sababu ya pili ya kuacha dawa ni maudhi yake, na ugumu wake ni huu: maudhi huja siku ya kwanza, nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Asiyeambiwa hivyo ataona ameongezewa ugonjwa juu ya ugonjwa. Aambiwe pia kwamba maumivu yakipungua kwa nusu, dawa imefanya kazi yake vizuri.

Maudhi mengi hupangiwa utaratibu yakatulia. Usingizi ndio wa kwanza. Kwa kawaida amitriptilini huanza kwa miligramu 10 au 25 jioni, kisha daktari hupandisha taratibu. Anayedamka alfajiri kwenda kuamia ndege shambani, akimeza karibu na usiku wa manane, ataamka kichwa kizito. Amuulize daktari kama aweza kumeza mapema zaidi, saa moja au saa mbili usiku. Katika wiki za kwanza asiendeshe pikipiki wala pawatila. Pombe, iwe bia au ulanzi, aiweke kando, kwani ikikutana na dawa hizi usingizi huzidi na pumzi yaweza kupungua.

Kinywa kikikauka, anywe maji kidogo kidogo. Mwenye kisukari asikimbilie soda. Choo kikiwa kigumu, ale dona, maharage na mboga za majani. Kizunguzungu humpata mtu anaposimama ghafla: akiamka usiku kwenda msalani, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, na njia iwe na taa. Gabapentini yaweza kuvimbisha miguu na kuongeza uzito. Tena isimezwe pamoja na dawa za kiungulia zenye alumini na magnesi. Ipishane nazo kwa saa mbili.

Lakini yapo madhara ambayo hayavumiliwi hata siku moja. Vipele au malengelenge pamoja na homa na vidonda vya kinywa kwa anayetumia kabamazepini, mkojo kuziba, jicho kuuma ghafla na kuona ukungu, moyo kwenda mbio na kuzimia, kuchanganyikiwa, au mawazo ya kujiua: mgonjwa asimeze kidonge kingine, apelekwe hospitali mara moja. Mbali na dharura kama hizo, asiache dawa kwa ghafla, maana mwili huchafuka. Daktari humpunguzia hatua kwa hatua.

Daktari aelezwe dawa zote zinazotumika nyumbani, za dukani na za miti shamba pia. Kabamazepini, kwa mfano, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya dolutegraviri, dawa ya ukimwi.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Kidonge hutuliza moto. Hakiirudishii mishipa uzima wake, wala hakiirudishii nyayo hisia zilizopotea. Mkulima aliyepata usingizi aweza kuingia jarubani peku, akachomwa na kisiki asijue, na kwa mwenye kisukari kidonda kidogo chaweza kumpotezea mguu. Avae buti za mpira, ajikaushe vizuri katikati ya vidole, adhibiti sukari, na kila jioni mtu wa nyumbani amkague nyayo.

Hiyo ndiyo kazi yetu sisi jamaa. Kutuma fedha za dawa hakutoshi. Mpigie mzee simu siku ya tatu, usingizi ungali mzito, na umpigie tena wiki ya pili. Muulize anameza saa ngapi, choo kikoje, na nyayo zake nani amezitazama jana.