Leteni Mizani Kwanza

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye hema la harambee huko Nyamira, nimekalia kiti cha plastiki, soda ya moto mkononi, mgeni wa heshima akiwaambia vijana wa kidato cha nne: "Uwanja uko wazi. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo." Alikuja na magari matatu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikakumbuka siku niliyobanwa kwenye mkeka nikiwa na kilo 61.

Chuoni, kabla sijaacha, nilicheza judo karibu mwaka mzima. (Nasema kuacha. Ukweli ni karo.) Ijumaa moja kocha akatangaza mapambano ya uzani wowote, ati tuonje roho ya mchezo. Nikapangiwa jamaa wa kilo mia na kitu. Kwa mbinu nilimzidi, hata yeye alikubali baadaye. Nikajaribu kumfagia mguu, akasimama tu kama mkaratusi. Kisha akaniangusha, akanizungushia mkono shingoni na kunilalia kifuani. Ukibanwa hivyo sekunde 20, mchezo umekwisha. Ni sekunde ndefu hizo, wacha nikwambie.

Kitengo hicho cha wazi kina historia yake, na wahubiri wa "uwanja wazi" wangeisoma kidogo. Judo iliingia Olimpiki mara ya kwanza Tokyo, 1964. Kulikuwa na vitengo vitatu vya uzani, na cha nne ambacho yeyote angeweza kuingia. Hicho cha nne ndicho Wajapani walikitaka zaidi, maana kingeonyesha dunia kwamba mbinu hushinda mwili. Tarehe 23 Oktoba, ukumbini Budokan, Mholanzi Anton Geesink, karibu mita 2 kwa urefu, akambana Akio Kaminaga kwa mbano ule ule niliobanwa mimi, sekunde 30 za sheria ya wakati huo, akachukua dhahabu. Na Geesink hakuwa mwili mtupu. Alikuwa bingwa wa dunia tangu 1961, na alikuwa amefanya mazoezi Japani kwenyewe. Hapo ndipo hadithi ya mdogo mjanja huvunjika: mkubwa naye huenda shule, tena shule nzuri.

Kitengo hicho kilichezwa kwenye Olimpiki tano pekee, ya mwisho ikiwa 1984, kisha kikaondolewa. Najua kuna mjuaji atanitajia Dietmar Lorenz, aliyemshinda Angelo Parisi Moscow 1980, ilhali Parisi ndiye aliyekuwa ametwaa dhahabu ya uzani mzito kwenye michezo hiyo hiyo. Sawa. Lakini kitengo kingine cha Lorenz kilikuwa kile cha chini ya kilo 95. Huyo ndiye "mdogo" wenu. Msee wa kilo 61 hayuko kwenye orodha.

Mgeni wetu alimtaja pia Naftali Temu, kama kawaida. Huku kwetu huwezi kumaliza hotuba bila Temu. Ni haki yake: mita 10,000, Mexico 1968, dhahabu ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki. Na riadha haina mizani, au sivyo? Jiji la Mexico liko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa na rekodi ya dunia, alimaliza wa sita akaanguka akitafuta pumzi. Simpunguzii Temu chochote, alikimbia akashinda. Nasema tu kwamba uwanja ule pia ulikuwa na uzani wake, na siku hiyo uliegemea kwa mtu wa milimani.

Sasa, sisi watu wa Nyamira hatuhitaji kufundishwa mizani. Mama yangu huchuma chai. Akifika kituoni na gunia, sijawahi kusikia karani akimwambia "hakuna mzigo mkubwa, hakuna mdogo." Inapimwa kilo kwa kilo, inaandikwa. Lakini mwanawe akienda kufanya KCSE, mizani inafichwa. Karatasi ni moja, siku ni moja. Huyu ametoka shule yenye maabara. Yule mwalimu wake alimchorea bureti ubaoni kwa chaki, akamwambia afikirie matone.

Kwani nataka tuondolewe mashindanoni? La. Nataka tupimwe kabla ya kupangwa: maabara, vitabu na basari ziende kwanza kwa aliye mwepesi. Kwenye judo, aliyeingia kitengo cha wazi alijua anachokiingia, na akiwa mwepesi alikuwa na kitengo chake cha kurudi. Kijana wa shule ya kutwa hana kitengo kingine. Huo wazi ndio wake wa pekee, na akishindwa tunamwambia hakujituma.

Mgeni alitoa mchango wake, akapigwa picha, magari matatu yakaondoka hata kabla ya chakula. Kijana mmoja wa kidato cha nne, ambaye nilikuwa nimempigia hadithi ya mkeka tukingoja ndizi, akanigeukia.

"Sasa broo, pale chini ulitokaje?"

Nikamwambia sikutoka. Nilingoja sekunde ziishe.