Betri za skuta: aina kwanza, bei baadaye

Mfanyabiashara anayetaka kuingiza skuta za umeme Musoma au Bunda huanza kwa kuuliza bei ya betri. Kwa maoni ya safu hii, hilo ni swali la tatu. La kwanza ni aina ya lithiamu iliyomo ndani, la pili ni ukubwa wake.

Aina kubwa ni mbili. Ipo ya nikeli, manganizi na kobalti, nyepesi na ndogo. Ipo ya chuma na fosfeti, nzito zaidi kwa umeme uleule, lakini yenye kustahimili joto na kudumu: kwa kawaida hufikisha mizunguko 2,000 ya kuchaji au zaidi, wakati ile ya kwanza mara nyingi huanza kuchoka kati ya 500 na 1,000. Tuseme, kwa mfano tu, ya kwanza ni shilingi 900,000 na inadumu mizunguko 600. Ya pili ni shilingi 1,400,000 na mizunguko 2,000. Kila mzunguko wa ile ya bei nafuu umekugharimu shilingi 1,500, wa ile ya ghali shilingi 700. Dereva anayechaji kila siku anaimaliza ya kwanza kabla ya miaka miwili, na hesabu yake kwa tajiri inasimama siku hiyo.

Kuhusu ukubwa, usikubali kuambiwa kilomita. Zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 ina wati-saa 2,880, yaani karibu uniti 3 za Luku. Skuta yenye abiria ikitumia wati-saa 40 kwa kilomita, utapata kilomita 72 mpaka betri ikauke, na kuikausha ni kuiua. Kwa safari za Nyasho, Bweri na Mwigobero inatosha, ukiwa na pa kuchaji mchana. Bunda ni zaidi ya kilomita 60 kutoka Musoma: huenda ukafika, kurudi ni habari nyingine. Hata Butiama, kwenda na kurudi bila kuchaji, tusingeshauri.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni chaja. Betri mbili zimeandikwa volti 72, kumbe ya nikeli yenye seli 20 hujaa kwenye volti 84, na ya fosfeti yenye seli 24 hujaa kwenye volti 87.6. Ukichomeka ya nikeli kwenye chaja ya fosfeti, kinachozuia moto ni kile kidude cha ulinzi ndani ya boksi, na hicho ndicho mwuzaji wa bei ya kutupa hupunguzia gharama. Duka lenye aina zote mbili liziwekee chaja alama za rangi.

Kigali na Nairobi, wateja wa Ampersand hubadilisha betri kituoni. Ikichoka, ni hasara ya kampuni. Anayenunua yake hapa Mara hasara ni yake. Kwa hiyo adai dhamana ya maandishi inayotaja miezi na kiwango cha umeme kitakachobaki, si maneno ya kaunta. Seli zilizokwisha kutumika hufungwa upya zikang'aa kama mpya; mwambie fundi aijaze betri, kisha aimalize kwa mita mbele yako na asome wati-saa. Kazi hiyo ni ya saa chache. Mwenye mtaji wa skuta tano anunue moja, aitumie masika yote, ndipo aagize nne zilizobaki.