Shujaa wa Gemu Asiye Mtoto wa Mtu

Wasee, wacha niseme mapema ili mnitukane mapema: sipendi gemu za RPG zinazoniambia shujaa ni mimi. Zile zinazoanza na menyu ya uso. Chagua pua. Chagua kidevu. Chagua nywele, na hapo utapata dredi za aina moja na afro moja iliyokaa kama helmeti ya bodaboda. Rangi ya ngozi ukiisukuma mpaka mwisho inatoka kama jivu. Ukimaliza, gemu inakwambia, haya, huyo ni wewe, ingia. Naingia. Masaa kumi baadaye nagundua kila mtu kwenye hiyo dunia ana stori yake, hadi muuza samaki, isipokuwa mimi.

Hapa kwetu Shianda ukipita sokoni na mzee asikutambue, salamu hazifiki mbali kabla akuulize, "Wewe ni mtoto wa nani?" Ukimjibu, anamtafuta babako kichwani, anamtafuta babu yako, anakumbuka ng'ombe fulani aliyeingia kwenye miwa ya watu mwaka fulani, na kabla hujanunua hata mandazi ushapewa historia. Nyingine hata hukuitaka. Hilo swali linachosha, sikatai. Lakini jaribu kumuuliza shujaa wa Skyrim.

Kama hujacheza, Skyrim ilitoka 2011 na inaanza ukiwa umefungwa mikono kwenye mkokoteni, unapelekwa kukatwa kichwa. Mnafika, askari mwenye orodha anakuangalia anauliza wewe ni nani. Swali zuri kabisa! Na hapo ndipo gemu inasimama ili ujichoree sura. Jibu lako ni mashavu. Ukishamaliza mashavu, sikumbuki mtu akiuliza tena kwa uzito. Ulitoka wapi, ulikosea nini, nani analia nyumbani, hakuna.

Halafu angalia kinachofuata. Unaweza kuwa mkuu wa chuo cha wachawi cha Winterhold ukiwa unajua uchawi mbili tatu za kuwasha moto. Unaweza kuongoza wezi, ukaongoza wauaji wa kukodiwa, ukaongoza mashujaa wa Whiterun, zote mwezi mmoja, na bado askari wa getini atakutania kama kuna mtu amekuibia keki yako. Huku kwetu mtu akiwa mwenyekiti wa bodi ya shule, wa chama cha mazishi na wa kanisa, hata watu wa boda wanajua wampigie honi ya aina gani. Kule cheo hakikai kwa mtu kwa sababu hakuna mtu wa kukikalia.

Na bado nimecheza Skyrim masaa mengi kuliko nilivyosoma fizikia, kwa hivyo msiniambie sijui utamu wake. Utamu wa kuzunguka ninaujua. Ninazungumzia stori.

Mfano wangu mkubwa ni wa mwaka mmoja tu, 2015. Mei ilitoka The Witcher 3, Novemba ikatoka Fallout 4, na ukizitazama vizuri ni stori moja: mtu mzima anatafuta mtoto aliyepotea. Fallout 4 inakupa kioo cha bafuni, unachora sura ya baba au ya mama, unaandika jina lako, na muda mfupi baadaye mwenzi wako anapigwa risasi ukiangalia na mtoto wenu mchanga, Shaun, anabebwa. Ni kitu kizito. Kisha mlango unafunguliwa na ndani ya saa moja mimi naokota feni mbovu na vijiko ili nijenge kijiji. Mtoto amepotea, mimi napanga vitanda. Sikuhisi kitu, na nilijichukia kidogo kwa kutohisi kitu, mpaka nikaelewa kwamba gemu ilikuwa inanidai machozi ya mtoto ambaye nilimwona dakika kumi. Ilisema "huyu ni wewe" halafu ikamwekea huyo "wewe" ndoa, mtoto na huzuni ambazo sijawahi kuwa nazo. Nina miaka 22, mimi ni baba wa nani?

Sasa Geralt wa The Witcher. Sura yake huichagui. Unaweza kumnyoa ndevu na kumbadilishia nguo, basi. Ni mzee mwenye nywele nyeupe, ana kazi, ana marafiki wanaomdai na wanawake waliomkasirikia kabla mimi sijashika padi. Ciri alimlea. Na najua mtaniambia, Geralt naye anaacha kumtafuta mtoto anaenda kucheza karata za Gwent kwa baa. Ni kweli, na mimi nimemchezesha mpaka usiku wa manane. Lakini kwake inaingia akilini, maana kazi yake ni kuzunguka vijijini akiua majinamizi kwa pesa, na karata ni tabia yake. Nikifika mahali pa kuamua kitu, sijiulizi "mimi ningefanya nini?" Najiulizia yeye: huyu mzee, kwa vile alivyo, atavumilia hii? Na kuna wakati nilichagua jibu ambalo mimi mwenyewe nisingelichagua, kwa sababu lilimfaa. Hiyo kwangu ndiyo RPG. Kuchukua nafasi ya mtu kunahitaji kwanza mtu awepo.

Lakini nisiwapeleke mbali. Wengi wetu tulijifunza hili kitu kwa PS ya mtaani, kile chumba cha mabati nyuma ya duka, PS2 mbili, televisheni yenye mgongo, na foleni ya watoto wenye sare za shule ambao walipaswa kuwa mahali pengine. San Andreas. CJ.

Ile gemu ya 2004 hatukuiita RPG, lakini CJ unampeleka gym anakuwa na misuli, unamlisha pizza ananenepa, unamnyoa, unamchora tatuu, na watu barabarani wanamsema. Unambadilisha vile unataka. Ila ukimbadilisha namna gani, bado ni CJ. Ndugu yake Sweet bado atamfokea kwa kutoroka nyumbani. Mnene au mwembamba, alitoroka.

Na kumbukeni inavyoanza. Kijana ameenda mji wa mbali miaka mitano. Anapigiwa simu, mama ameuawa. Anarudi kuzika. Kabla hajafika nyumbani polisi wanamsimamisha, wanamnyang'anya pesa, wanamtupa mtaa wa maadui. Anafika makaburini na familia inamwangalia kama mgeni. Wasee, sisi tulikuwa watoto wa Shianda, hakuna aliyejua Los Angeles iko upande gani, lakini kila mmoja wetu alishawahi kumwona huyo mtu. Anashuka basi la usiku kutoka Nairobi na begi moja, matanga yameanza, turubai limeshawekwa, na shangazi mmoja hamwachi apumzike: "Umekumbuka kwenu sasa?" Hakuna gemu iliyonipa kioo ambayo imenionyesha kwetu kama ile ambayo ilinipa mtu mwingine kabisa.

Sasa nifike kwa sistangu, kwa sababu nilimsomea haya akanikatiza hapo kwa CJ.

"Wewe unaongea hivyo kwa sababu wote ni wanaume," akasema. "CJ, mwanaume. Geralt, mwanaume. Mimi nikingoja waniandikie mtu, ningecheza nini?"

Nikamwambia kuna Aloy wa Horizon, kuna Kassandra wa Assassin's Creed Odyssey. Akaniuliza mwenye nywele kama zake ni yupi kati ya hao. Nikanyamaza. Hilo ni pigo la haki na sina jibu lake zuri. Ile menyu ya uso ambayo mimi naicheka, kwake imekuwa mlango pekee wa kuingia. Anatumia saa mbili kwa nywele peke yake, kisha anavaa helmeti isiyoonyesha hata unywele mmoja, na yuko sawa kabisa.

Na takwimu ziko upande wake. Larian, waliotengeneza Baldur's Gate 3 ya 2023, walisema mwaka mmoja baada ya gemu kutoka kwamba zaidi ya asilimia 93 ya wachezaji walijitengenezea mhusika badala ya kumchukua mmoja wa wale walioandikwa tayari. Asilimia 93! Kwa hivyo nikisema "wachezaji hawapendi" najua ninazungumza kwa niaba ya kikundi kidogo chenye kelele. Lakini takwimu zile zile zilikuwa na kitu kingine. Walihesabu mabusu. Shadowheart alibusiwa mara milioni 27, Astarion mara milioni 15. Hao ni wahusika wa kuandikwa, wana madonda yao na siri zao. Yaani watu walichora sura zao, wakaingia, halafu moyo wakaupeleka kwa wale wenye stori. Yule waliyemchora alikuwa tu mtu wa kubeba midomo.

Najua kuna waliojaribu kuziba hilo pengo. Dragon Age: Origins ya 2009 ilikuwa na mianzo sita, na ukizaliwa elfu wa mtaa wa mabanda unaanza kwenu, siku ya harusi yako, na binamu zako, na ubaya unaokupata unaupata mbele ya watu unaowajua. Ukikutana na wakubwa baadaye tayari una hasira yako halali. Cyberpunk 2077 ilijaribu pia, ikakupa maisha matatu ya kuchagua, lakini utangulizi ukiisha njia zote zinaingia barabara moja na unabaki na sentensi chache za ziada. Ukinipa mahali nilipozaliwa, niache nikae hapo hata siku mbili basi.

Kuna mtu mmoja ambaye nimemfikiria sana kwenye hii stori. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Ndiye sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins ya 2017, baba aliyeuliwa mtoto. Naye Bayek huchagui uso wake, na niliulia naye mpaka nikaweka padi chini nikatoka nje kidogo. Sikuwa baba kwa Fallout, nikawa baba kwa Bayek. Salim naye alimpoteza baba yake mwenyewe, kwa maisha ya kweli, na akaanzisha studio akatengeneza Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024. Si RPG, ni gemu ya kuruka na kupigana. Zau ni kijana anayemwendea Kalunga, mungu wa kifo, wapatane amrudishie babake. Na unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili.

Zingatia vile alifanya. Alikuwa na huzuni ambayo kila mtu duniani ataipata siku moja. Angeweza kuacha shimo katikati, aseme weka baba yako hapa, weka jina lako hapa. Hakufanya hivyo. Aliandika kijana mmoja, mwenye vinyago vyake viwili, mwenye kiburi, anayekosea. Na mimi ambaye babangu yuko hai, anakohoa hapo nje sasa hivi, nilimpigia simu siku ile niliyoanza kuicheza bila sababu yoyote. Alidhani nataka pesa.

Kitu cha mwisho ni majina, na hapa ndipo naona ule uongo wa "huyu ni wewe" ukijitokeza wazi. Kwa sababu huwezi kurekodi kila jina duniani, gemu zinakupa cheo. Commander. Inquisitor. Rook. V. Fallout 4 ilijitahidi, walirekodi karibu majina elfu moja ili yule roboti Codsworth akuite, na kama lako halimo kwenye orodha anakuita bwana au bibi, yaishe. Niambie ni majina mangapi ya Mumias yalimo humo.

Sistangu alitengeneza mhusika wake wa Baldur's Gate kwa PS5 ya binamu yetu, ambayo ilikuja Desemba kwa sikukuu na kwa sababu zetu wenyewe bado haijarudi Nairobi. Akampa jina la nyanya yetu, mamake baba, jina la mtoto aliyezaliwa msimu wa njaa. Nyanya alituacha mwaka juzi. Alicheza jioni nzima, kisha akaniuliza, "Kwani hawamwiti?" Nikamweleza kwamba hawawezi, kwamba jina linaandikwa tu, hakuna atakayelitamka mpaka mwisho wa gemu. Nilidhani hapo nimeshinda ubishi.

Hakuacha. Sasa anaita mwenyewe. Mtu yeyote kwenye ile gemu akifungua mdomo kuongea na mhusika wake, sistangu analisema jina la nyanya kwanza, kwa sauti, halafu ndio anabonyeza jibu. Juzi baba alikuwa anapita sebuleni na redio yake mkononi akasimama mlangoni.

"Nani ameita mama?"