Ruta kisiwani Bumbire: nani kasema ni anasa?

Leo sina stori za desa wala foleni ya kantini, nina la moyoni. Kuna kauli nimeichoka hapa chuoni: "Mvuvi wa Bumbire ruta ya waifai ya nini? Si ana simu!" Wanaoisema wanalala hosteli zenye intaneti, na kwao Dar kuna ruta sebuleni. Ebo!

Haya, tuanze na hiyo simu. Kijana kamaliza form six, yuko kisiwani. Tangu 2017 maombi ya digrii unayatuma kwa kila chuo moja kwa moja, mtandaoni. Mkopo wa HESLB nao ni mtandaoni: fomu ndefu, na vyeti vya kuskani. Jaribu kuijaza kwenye kasimu ka kioo kilichopasuka, bando la siku likikata katikati. Ndiyo maana watu wanapanda mtumbwi kwenda Muleba au Bukoba, nauli, gesti, hela ya mtu wa stesheneri. Ziwa likichafuka, tarehe ya mwisho haikusubiri. Boom unalotamba nalo wewe lilianzia kwenye fomu hiyo hiyo.

Eti kisiwa kiko mbali! Stanley alipigana na watu wa Bumbire mwaka 1875, na 1876 London walikuwa wanasoma kisa hicho magazetini. Barua ilifika, fomu ya mkopo ishindwe?

Kundi la pili ninalogombana nalo ni mafundi wanaoifanya ruta kuwa uganga. Jamani, si uganga! Modemu inaleta intaneti nyumbani, ruta inaigawa. Kisiwani hakuna waya wa simu uliopita chini ya maji hadi kwa bibi yako, kwa hiyo modemu ni ile ya kuweka laini. Nyingine zina ruta humo humo. Kama ni vitu viwili, chomeka kebo kutoka kwenye modemu hadi tundu la ruta lililoandikwa WAN. Unga kompyuta au simu kwenye ruta, fungua brauza, andika namba iliyo chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Umeingia. Iweke karibu na dirisha linaloelekea mnara, maana bati linazuia mawimbi. Umeme je? Ruta nyingi zinatumia volti 12 au pungufu, soma kwenye adapta, sola ya nyumbani inaimudu. Ila usiiunge kwenye betri bila kifaa cha kudhibiti volti, utaiunguza.

Halafu hapa ndipo fundi anapokuachia balaa: anaondoka paswedi ya kuingilia ikiwa bado "admin". Badilisha hiyo, badilisha na ya waifai. Ukiulizwa aina ya ulinzi, WEP iache, ilishavunjwa tangu 2001. Chagua WPA2 au WPA3. La sivyo mwalo mzima utakunywa bando lako usiku wakati karabai ziko ziwani.

Atakayeniambia mtandao wenyewe kisiwani unasuasua, ninakubali, ruta haizalishi mawimbi ya mnara. Lakini Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya 2006 kwa ajili ya sehemu kama hizo. Basi tuubane huo, tusiwabeze wavuvi. Na familia zenye simu tano, kila moja na kabando kake ka siku kanakoisha muda kabla ya kutumika, zichange ziweke bando moja la mwezi kwenye ruta. Mbona injini ya mtumbwi mnachangia?

Wasomi wa Kagera, likizo ijayo ukirudi nyumbani usiishie kupiga picha na senene. Mfundishe mdogo wako kuiweka ruta kwa mikono yake mwenyewe, fundi asubiri kazi nyingine.

Nawasilisha. Anayebisha aje na hoja!