Yaliyosajiliwa Si Yaliyosalia

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutwambia kwamba daftari nalo laweza kuipoteza mali iliyopo. Kwa hoja hiyo tunawapinga wale wanaofungua takwimu za usajili za Uingereza, wakakuta tarakimu ndogo mbele ya jina la gari adimu la anasa, kisha wakatangaza kwamba hayo tu ndiyo yaliyobaki.

Tuichukue Lagonda ya Aston Martin, gari refu lenye umbo la kabari lililosanifiwa na William Towns. Lilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976, na hadi uundaji wake ulipokoma mwaka 1990 yalikuwa yametengenezwa 645 tu, kwa kazi ya mikono, katika mji wa Newport Pagnell. Dashibodi yake ya elektroniki iliutangulia wakati wake, na ikavuma kwa ubovu.

Daftari hilo linahesabu nini, basi? Linahesabu gari lenye leseni ya barabara, na gari ambalo mwenyewe ametoa taarifa kuwa halitumiki barabarani. Sharti la taarifa hiyo lilianza mwaka 1998. Gari lililokuwa limekwisha kuegeshwa bila leseni kabla ya hapo, na likaachwa vivyo hivyo, halikulazimika kutolewa taarifa. Lagonda iliyozimika dashibodi mwaka 1992, bwana wake akachoshwa na gharama za mafundi akaifunika turubai, yaweza kuwa haimo katika hesabu zote mbili. Ipo, lakini haimo.

Tena, Lagonda ilipata wateja wengi katika nchi za Ghuba. Magari yaliyosajiliwa huko hayaandikwi na makarani wa Swansea. Je, kwa kuwa kalamu ya Swansea haikuyafikia, yamekufa?

Atasema mpinzani: hesabu pungufu ni bora kuliko kukosa hesabu. Naam, maadamu inaitwa kwa jina lake. “Yaliyosajiliwa” ni neno la kalamu. “Yaliyosalia” ni neno la jicho. Anayeliweka la pili mahali pa la kwanza haharibu lugha peke yake. Dalali hunadi kwa uchache huo, na mnunuzi akalipia uadimu ambao hakuna aliyeuthibitisha. Nalo gari lililosahauliwa bandani halina mtetezi: mrithi huliona chuma chakavu, likavunjwa kwa ajili ya vipuri, na hesabu ya uongo ikageuka kweli kwa mkono wa binadamu.

Kila gari lina namba yake ya chasisi. Anayetaka kujua yamesalia mangapi na azifuate namba hizo moja moja, banda kwa banda, nchi kwa nchi. Kabla hajafanya hivyo, na aseme “yaliyosajiliwa Uingereza,” kisha anyamaze.