Kabla ya Kushika Bisibisi

Mwanafunzi mmoja wa sekondari huko Rabai ametuandikia akitaka ushauri. Marehemu babu yake aliacha redio kubwa ya mbao, zile za valvu, na ami yake anataka kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kuwa eti imekufa. Kijana ameomba muda aifufue. Bisibisi ameshanunua, na anauliza azungushe skrubu ipi kwanza ili sauti irudi.

Jibu letu ni fupi: asizungushe hata moja. Bado.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu hatari. Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, na haifanyi kazi ila kwa umeme mkali. Ndani ya redio ya kusikiliza aghalabu mna volti 200 hadi 300. Katika mitambo ya kurushia sauti ya wanaredio wa ridhaa, huenda zikapita 1,000. Tena kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Zipo pia redio zisizo na transfoma, ambazo fremu yake ya chuma imeungana moja kwa moja na umeme wa nyumba. Kwa hivyo, mzazi, usimwache mtoto aifungue redio ya valvu peke yake. Mtafute fundi mzee aliyezizoea, kijana akae kando yake ajifunze. Fundi huyo utamwona akipima kwa mkono mmoja, wa pili ameuweka mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Sasa twende kwa mpangilio. Redio iliyolala miaka mingi haichomekwi ghafla kwenye volti 240. Tazama waya wake, kwa maana mpira wa zamani hukatika kama biskuti. Tazama nyuma kama kuna kigeuzi cha volti, na kimewekwa wapi. Kisha fundi huunga balbu ya uzi ya wati 60 katika njia ya umeme unaoingia. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna kitu kimeshikana, na balbu hiyo imeiokoa transfoma isiungue.

Mshukiwa wa kwanza ni kapasita. Zile kubwa za kuchuja umeme huharibika kwa kukaa bila kazi, na dalili yake ni mvumo mzito katika spika. Zile za karatasi huingiwa na unyevu, na sisi wa pwani twaujua unyevu. Moja inayovuja karibu na valvu ya spika hufanya sauti ikwaruze na valvu yenyewe ichemke kupita kiasi. Weka mpya ya kipimo kile kile, na volti zake zisiwe chini ya ile ya zamani. Baada ya hapo safisha miguu ya valvu na swichi zilizoshika kutu. Na usidanganyike: valvu kuwaka si kusema ni nzima, maana huenda imechoka. Pima.

Ni baada ya haya yote ndipo tunafika kwenye skrubu. Redio nyingi za aina hii huchukua kila stesheni na kuigeuza iwe katika masafa mamoja ya ndani, mara nyingi kilohezi 455, kisha koili kadhaa huyapokezana na kuyakuza. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Koili zikivutia kila moja kwake, stesheni hufifia na kuingiliana. Kurekebisha ni kuzifanya zote zivutie pamoja.

Soma kwanza namba iliyoandikwa kwa redio yako, kwani si zote ni 455. Fundi huingiza mawimbi dhaifu ya kipimo hicho, akaanza na koili ya mwisho kurudi ya kwanza, akitafuta sauti ya juu kabisa. Mawimbi yakiwa na nguvu, redio hujipunguza yenyewe na kumficha ukweli. Kisha huja kwenye piga: upande wa chini, karibu kilohezi 600, hurekebisha koili, upande wa juu, karibu 1,400, hurekebisha kapasita ndogo. Hurudia pande zote mbili mpaka pasibaki tofauti. Hatumii bisibisi ya chuma, maana chuma kikikaribia koili huyahamisha masafa. Kijiti cha mwanzi kilichochongwa vizuri chatosha.

Mwenye kuzungusha skrubu kwanza huongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kapasita, na pengine huvunja kiini cha koili ambacho hakipatikani dukani.

Stesheni nyingi siku hizi ziko FM, bendi ambayo redio nyingi za valvu hazina. Lakini masafa mafupi yangali na mengi. Sikiliza jioni karibu na megahezi 7: huenda ukasikia sauti kama za bata. Hao ni wanaredio wa ridhaa, na redio ya kawaida huhitaji kifaa cha ziada kuwaelewa. Wa Kenya hutambulika kwa alama 5Z4. Ukitamani kujibu, pata leseni kwanza.

Kifuniko cha nyuma kirudishwe kabla watoto hawajaingia sebuleni. Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.