Ujerumani yabana magari ya kempa yenye gesi: Hita ya bafuni kwako inakaguliwa na nani?

Tangu Juni 19, 2025, Mjerumani mwenye gari la kempa au karavani yenye gesi hana ujanja. Kila baada ya miaka miwili lazima mfumo wote wa gesi ukaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa. Asiye na uthibitisho anaweza kupigwa faini.

Kwa msomaji aliye Nairobi au Arusha, hii inaweza kuonekana ni habari ya wenye pesa zao, wanaozunguka Ulaya na kitanda, jiko na bafu ndani ya gari. Lakini kifaa kimoja kinachokaguliwa huko kinaanza kuzoeleka huku pia: hita ya maji ya kuoga inayotumia gesi ya mtungi.

Sheria inasema nini?

Mkaguzi anapima kama kuna uvujaji, anawasha kila kifaa, kisha anaangalia kama moshi unatoka nje inavyotakiwa. Regulata na mipira ya gesi inabadilishwa ikifika miaka 10, hata kama bado inang'aa.

Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, gari liliweza kupita ukaguzi wa kawaida wa barabarani bila cheti cha gesi. Sasa mambo hayo mawili yametenganishwa. Breki na taa zina ukaguzi wake, gesi ina wake.

Kwa nini gari libanwe hivyo? Kwanza, nyumba haitembei. Gari linapita kwenye mashimo, linatikisika, na viungio vya mabomba vinalegea taratibu. Pili, kempa nyingi hukaa miezi bila kutumika, na buibui au nyigu hujenga ndani ya burner au bomba la moshi. Tatu, chumba chenyewe ni kidogo. Hewa chafu haihitaji muda mrefu kukijaza.

Hita mbili, hatari mbili tofauti

Hita zinazofungwa kiwandani kwenye kempa nyingi zina tangi dogo. Za Ulaya mara nyingi hubeba lita 10 hivi, za Marekani mara nyingi ni lita 23 hivi au zaidi. Umeme wa betri ya volti 12 unatoa cheche, gesi inawaka, maji yanachemka. Jambo la msingi ni kwamba moto wake umefungiwa: unavuta hewa kutoka nje ya gari na kutoa moshi hukohuko nje. Hewa anayovuta aliyelala ndani haiguswi.

Aina ya pili ni hita ya papo hapo inayobebeka. Haina tangi. Ukifungua bomba, maji yanapita, moto unawaka. Nyingi kati ya hizi zimetengenezwa zitundikwe nje, chini ya mti au ubavuni mwa gari. Zinatumia hewa iliyo karibu nazo na kumwaga moshi papo hapo.

Ikiwa nje, haina shida. Ikiingizwa bafuni na mlango ukafungwa, inamaliza oksijeni ya chumba, moto hauungui vizuri, na gesi ya sumu ya kaboni monoksidi inaanza kuzalishwa.

Adui asiye na harufu

Wengi wanaogopa mtungi kulipuka. Hofu hiyo ina msingi, lakini gesi inayovuja angalau ina dalili, kwa sababu huwekewa harufu makusudi. Pia ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Ndiyo maana kempa zina matundu sakafuni, na kuyaziba kwa zulia ili kuzuia baridi ni kujitafutia balaa.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Huku kwetu wengi wangedhani ni malaria au uchovu wa safari. Akikaa humo humo, anapoteza fahamu.

Oktoba 2006, watoto wawili wa Uingereza walikufa wakiwa likizoni katika hoteli kisiwani Corfu, Ugiriki. Hita ya maji ya gesi ilikuwa kwenye kibanda kilichoshikana na nyumba yao. Moshi ulipenya ukutani kupitia upenyo wa mabomba ya kiyoyozi, na kinga ya kuizima hita ilikuwa imerukwa. Mwaka 2015, jopo la uchunguzi wa vifo hivyo Uingereza liliamua kwamba waliuawa isivyo halali.

Kwa hiyo, hata hita iliyo nje ya chumba inaweza kuua kama hakuna anayeikagua.

Mtungi umefika, bafu linafuata

Tanzania ina mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kenya nayo iliondoa VAT kwenye gesi ya kupikia mwaka 2023. Lengo ni zuri, maana moshi wa kuni na mkaa nao unaua.

Lakini mazungumzo yote ni ya jikoni. Mtungi ukishaingia nyumbani, watu wanaupa kazi nyingine. Kenya, hita za gesi za papo hapo zinauzwa mtandaoni kama njia ya kukwepa bili ya umeme. Anayeifunga mara nyingi ni fundi bomba. Anajua maji, lakini njia ya moshi si lazima iwe kazi aliyoisomea.

EPRA ya Kenya na EWURA ya Tanzania zinasimamia biashara ya gesi: leseni, mitungi na maghala. Baada ya mlipuko wa Embakasi, Nairobi, Februari 2024, macho yalielekezwa huko, na ilikuwa sawa. Hita iliyofungwa kwenye bafu la mpangaji iko mbali na macho hayo.

Kuiga Ujerumani mzimamzima si rahisi. Unahitaji wakaguzi wengi, na mwananchi ndiye atakayelipa. Uingereza inatoa njia ya kati: anayepangisha nyumba au karavani yenye gesi anatakiwa ikaguliwe kila mwaka na fundi aliyesajiliwa. Mwenye gari lake binafsi habanwi kiasi hicho.

Huku pia pa kuanzia ni kwa wanaopokea pesa: wenye nyumba za kupanga, nyumba za wageni na wanaokodisha kempa kwa watalii. Mteja wao hakuchagua hita ile, na hawezi kuifungua aone ndani.

Angalia haya mapema

- Soma maandishi ya hita. Kama imeandikwa ni ya nje, isiingie bafuni, hata kwa dirisha wazi.
- Bomba la moshi litoke nje kabisa, si kuishia juu ya dari.
- Hita ya tangi isiwashwe tupu. Fungua bomba la moto mpaka maji yatoke bila kukohoa hewa, ndipo uwashe.
- Tafuta uvujaji kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.
- Vali ya usalama ikichuruzika, usiizibe. Mwite fundi aikague au aibadilishe.
- Tangi la chuma lenye fito ya kuzuia kutu likaguliwe kila mwaka.
- Zima hita kabla ya kuingia kituo cha mafuta.
- Moto wa bluu ukigeuka wa njano, zima na uite fundi.
- Weka alamu ya kaboni monoksidi anapolala mtu.

Kichwa kikianza kuuma hita ikiwa inawaka, toka nje kwanza na utoe wengine. Funga gesi kama unaweza kuifikia salama, kisha nendeni hospitali na mseme wazi kwamba hita ya gesi ilikuwa inawaka. Daktari asipoambiwa hivyo, anaweza kuanza kutafuta malaria.